Bowl si kombe, na wala si fainali

"Mjomba shikamoo! Tumebeba Super Bowl ya vyuo!"

Ujumbe huo wa sauti uliniingilia saa moja na ushei asubuhi, tarehe 21 Januari 2025, chai ikiwa bado inafuka. Mpwa wangu anaishi Columbus, Ohio, na kwao ilikuwa bado usiku wa tarehe 20. Nyuma ya sauti yake honi zilikuwa zinalia kama msafara wa harusi. Nilimjibu marahaba, nikampa hongera, nikanyamaza. Furaha ya mtu haiharibiwi kwa sarufi.

Jioni yake nikamsikia mtangazaji wa redio akieleza kwamba timu hiyohiyo ya mpwa wangu, ya chuo cha Ohio State, ilishatwaa "Kombe la Waridi", yaani Rose Bowl, mwanzoni mwa mwezi. Hapo nikaona kimya changu kimezidi.

Kwa ufupi, maana bila maana watu tutazungushana: bowl ni mechi moja ya mwaliko katika mpira wa Kimarekani wa vyuo, ule wa helmeti na mpira wenye umbo la yai. Huchezwa msimu ukishakwisha, Desemba na Januari, kila moja ikiwa na mji wake na waandaaji wake. Anayeshinda hupewa zawadi, hupiga picha, na mara nyingi msimu wake unaishia papo hapo. Kwa kawaida hasongi mbele popote. Mechi ya ubingwa wa taifa wa vyuo ni kitu kingine. Super Bowl ni kitu cha tatu, ni ya timu za kulipwa za NFL, na mwanafunzi hana chake pale.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe, ndilo linalonikera.

Naelewa kosa linatoka wapi. Sisi tumezoea kwamba anayeshinda hupewa chombo. Tunasema Kombe la Dunia, na kombe kwa watu wa pwani ni sahani kubwa kabla halijawa zawadi ya mpira. Wapo wanaoandikiwa aya kwa zafarani ndani yake, wakaiosha na kunywa. Vijana nao wamelipa jina la ndoo. Basi mtu akisikia "bowl", akakumbuka kwamba kwa Kiingereza ni bakuli, anaona kila kitu kimekaa sawa: wenzetu wanagombea bakuli, sisi tunagombea ndoo, vyombo vyote vya jikoni.

Lakini hakuna anayegombea bakuli. Bakuli ni uwanja.

Mwaka 1914 Chuo Kikuu cha Yale, huko New Haven, kilifungua uwanja wa namna ambayo Marekani ilikuwa haijaizoea. Walichimba shimo kubwa, wakaurundika udongo wake pembeni kuzunguka pande zote, wakapanga viti juu ya tuta hilo. Sehemu ya kuchezea ikawa futi 27, kama mita 8 hivi, chini ya usawa wa ardhi ya nje. Ukisimama kwenye kiti cha juu unatazama ndani kama unavyotazama bakuli la uji. Wakauita Yale Bowl. Mechi ya ufunguzi wenyeji walichapwa na Harvard 36-0, kwa hiyo bakuli lilianza kwa kumwagika.

Upande wa pili wa nchi, Pasadena, California, kulikuwa na sherehe za mwaka mpya za maandamano ya maua, zilizoanza 1890. Mwaka 1902 waandaaji waliongeza mechi ya mpira: Michigan 49, Stanford 0, na Stanford wakaomba poo kabla dakika hazijakwisha. Waandaaji wakaona bora mpira wauache. Miaka iliyofuata wakaweka mbio za magari ya kukokotwa na farasi, na hata mbuni walipata kushindanishwa. Mpira ulirudi 1916. Watu walipozidi wakajenga uwanja mpya, ukakamilika 1922, msanifu wake akiwa ameutazama ule wa Yale. Kwa kuwa sherehe ni za waridi na uwanja ni wa bakuli, ukaitwa Rose Bowl. (Na ukitaka kuwa mkali zaidi yangu, wakati huo haukuwa hata bakuli kamili, upande wa kusini ulikuwa wazi, umbo la kwato ya farasi, hadi ulipozibwa 1928.)

Mechi ikachukua jina la uwanja. Huo ndio mzizi wote. Kombe halimo.

Kuanzia hapo jina likakimbia. Tufanye kwamba kila sikukuu kuna mechi kubwa inachezwa Uwanja wa Mkapa, hadi watu wakaacha kutaja uwanja na kuiita mechi yenyewe "Mkapa". Halafu Tanga wakaona wivu, wakaanzisha "Mkapa ya Mkonge" pale Mkwakwani. Mtwara wakaja na "Mkapa ya Korosho", Unguja wakaja na "Mkapa ya Karafuu". Ndivyo ilivyokuwa Marekani. Mwaka 1935 Miami ikaanza Orange Bowl kwa machungwa yake, New Orleans ikaanza Sugar Bowl kwa miwa yake, na 1937 Dallas ikaingia na Cotton Bowl kwa pamba yake. Miji ilikuwa inatangaza mazao na jua la Januari kwa watu wa kaskazini wanaotetemeka kwa baridi. Ukisema "Kombe la Pamba" unamfanya msikilizaji adhani pamba ni mdhamini wa ligi.

Kufikia hapo neno lilishabanduka kwenye uwanja. Ushahidi mzuri ni wa tarehe 1 Januari 1942. Baada ya Wajapani kushambulia Pearl Harbor, serikali haikutaka umati ukusanyike pwani ya Pasifiki, kwa hiyo Rose Bowl ikahamishiwa Durham, North Carolina, upande mwingine kabisa wa nchi. Oregon State wakawafunga Duke 20-16. Rose Bowl ikachezwa bila Rose Bowl.

Siku hizi bowl ni kama 40 kwa msimu, na timu ikishinda mechi 6 kati ya 12 kwa kawaida inahesabika inafaa kualikwa. Kuna ya viazi huko Boise, Idaho, na huko Charlotte kuna ya kampuni ya mayonizi, ambako kocha aliyeshinda humwagiwa ndoo nzima ya mayonizi kichwani. Hapo ndoo ipo kweli.

Super Bowl ilizaliwa baadaye sana katika ukoo huu. NFL na ligi pinzani yake, AFL, walikubaliana 1966 kuungana na mabingwa wao kukutana. Lamar Hunt, mmiliki wa Kansas City Chiefs, akatoa jina akilitania lile la mechi za vyuo. Wanawe walikuwa na kimpira cha kudundadunda kilichoitwa Super Ball. Kwa hiyo kusema "Super Bowl ya vyuo" ni kumwita babu kwa jina la mjukuu.

Basi bingwa wa vyuo anapatikanaje? Kwa miongo mingi hakupatikana uwanjani. Kila timu kubwa ilikwenda kwenye bowl yake, halafu waandishi wa shirika la habari la Associated Press, kuanzia 1936, na baadaye makocha, wakapiga kura. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, hakijawahi kuandaa fainali ya daraja hili la juu kabisa. Mwaka 1998 ukaanza utaratibu ulioitwa BCS, wa kuwakutanisha namba moja na namba mbili, na bado msimu wa 2003 ukaisha na mabingwa wawili: chuo cha LSU kilishinda mechi, chuo cha USC kikashinda kura za waandishi. Kombe la makocha la zama hizo lilikuwa mpira wa kristali juu ya kibao. Mwaka 2012 baba wa mchezaji mmoja wa Alabama aliuangusha kwa bahati mbaya, dola kama 30,000 zikawa vigae. Hata hapo, angalia, halikuwa bakuli.

Mtoano halisi umeanza msimu wa 2014, kwa timu nne, na kufikia msimu wa 2024 zikawa kumi na mbili. Ugumu wa kuueleza kwa Kiswahili uko hapa: bowl sita za zamani, Rose ikiwamo, zimekodishwa ziwe robo fainali na nusu fainali, kwa zamu. Fainali yenyewe haina jina la bowl hata kidogo. Inaitwa mechi ya ubingwa wa taifa, na miji huomba kuiandaa.

Kwa hiyo, mpwa wangu, nimekaa na haya tangu siku ile ya honi. Kilichowatoa mtaani usiku ule ni ubingwa wa taifa: Ohio State 34, Notre Dame 23, mjini Atlanta. Na wewe mtangazaji hukukosea tarehe. Rose Bowl waliishinda kweli, tarehe 1 Januari, 41-21 dhidi ya Oregon. Ila ile ilikuwa robo fainali.