Kurudi Nyuma, Kupwa na Kukaa Mafungoni

Katika kazi yangu ya kufasiri, neno la Kiingereza "retreat" hunisimamisha kila ninapokutana nalo, kwa kuwa Kiswahili hakina neno moja linalobeba maana zake zote. Kabla ya kuchagua neno, sharti nijue aliyeondoka ameondokaje, kwa kushindwa ama kwa hiari, na huko aendako anakwenda kufanya nini.

Nianze na vita, maana ndiko ninakokuta makosa mengi. Jeshi linaloondoka mbele ya adui linaweza kukimbia, kutimuliwa, kujiondoa au kurudi nyuma. Linalokimbia limevunjika; linalotimuliwa limezidiwa nguvu; linalojiondoa limeamua lenyewe, pengine baada ya mapatano. Linalorudi nyuma bado ni jeshi: lina amri, lina safu, na lina kikosi kilichobaki kumchelewesha adui ili wenzao wapate kuvuka mto. Ninapotaka kuikaza maana hiyo hutumia neno kinyumenyume, kwa sababu miguu ya mtu aendaye hivyo inaondoka huku macho yake yangali kwa adui.

Hivyo ndivyo alivyokwenda Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika Afrika Mashariki, kuanzia Machi 1916, majeshi ya Uingereza chini ya Jan Smuts yaliposonga mbele kutoka upande wa Kilimanjaro. Moshi ilichukuliwa mwezi huohuo, Morogoro ikafuata Agosti, na Dar es Salaam Septemba. Oktoba 1917, huko Mahiwa, karibu na Lindi, askari wake waliwapiga Waingereza pigo zito, kisha wakaendelea kurudi nyuma, kwa kuwa ushindi wenyewe uliwagharimu watu na risasi wasizoweza kuzipata tena. Mwezi uliofuata walivuka Ruvuma na kuingia Msumbiji. Walijisalimisha tarehe 25 Novemba 1918 mjini Abercorn, ambao leo ni Mbala nchini Zambia, wiki mbili baada ya mapigano kusimamishwa Ulaya. Mfasiri akiandika kwamba watu hawa "walikimbia" kwa muda wote huo, atakuwa amekosea historia na lugha pamoja.

Hata hivyo, "kurudi nyuma" ni neno la makamanda, na halisemi lolote juu ya vijiji vilivyopitiwa. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, na Ugogo ikaingia katika njaa ambayo wenyewe waliiita Mtunya. Kwa sababu hiyo huwa sipendi kuongeza neno "kimkakati" isipokuwa matini ninayoifasiri inalo, kwani mara nyingi huwekwa hapo ili kumsitiri jenerali.

Maumbile yana maneno yake. Bahari hairudi nyuma. Hupwa, na mvuvi akiambiwa kwamba maji "yamejiondoa" atacheka. Barafu ya Kilimanjaro nayo, iliyokuwa na eneo la kilomita za mraba zipatazo 11 mwaka 1912 na chini ya 2 mwaka 2011, imepungua, au kwa usemi wa kisayansi zaidi, imesinyaa.

Maana ya ibada ndiyo iliyopata makao mazuri kuliko zote. Wakristo husema mafungo, kutokana na kufunga, na kitenzi hicho kinagusa mambo mawili kwa pamoja: kuacha chakula na kuufunga mlango dhidi ya shughuli za dunia, ingawa siku hizi mtu anaweza kukaa mafungoni na kula milo mitatu kwa siku. Waislamu hukaa itikafu, hasa katika kumi la mwisho la Ramadhani, na hapo nisingethubutu kuandika "mafungo ya Kiislamu", kwa sababu itikafu ni ibada yenye masharti yake, ikiwamo nia na kubaki msikitini.

Linalobaki ni la ofisini, pale wakurugenzi wanapohamia hoteli ya Naivasha au Bagamoyo kwa siku tatu. Wapo wanaoliita mafungo, nami nalikataa, maana hakuna kilichofungwa. Magazeti ya Kenya hupenda kusema kikao cha faragha, na Watanzania wamezoea semina elekezi, ambayo hufaa pale tu ambapo wahusika wanakwenda kupewa maelekezo. Wakienda kupanga bajeti, mimi huandika kikao kazi nje ya ofisi.