Gia boksi hushuka bila kung'oa injini

Mitaani Unguja bado utasikia kwamba kubadilisha klachi ya gari la zamani lazima injini ing'olewe kwanza. Kwa gari linaloendeshwa na magurudumu ya nyuma, kama Toyota Corolla KE70, si kweli: gia boksi hushukia chini, na klachi iliyo kati yake na injini hubaki wazi. Chomoa waya wa betri, mwaga oili ya gia, fungua propela shafti (mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma), stata (mota ya kuwashia injini), kebo ya spidi na liva ya gia. Tegemeza injini kwa jeki na kipande cha mbao, maana mpira wa nyuma unaobeba gia boksi ukifunguliwa injini huinama. Ndipo ufungue boliti zinazoiunganisha na gia boksi.

Kazi yenyewe ni hapa. Gia boksi irudi nyuma ikiwa imenyooka mpaka shafti yake ya mbele itoke kwenye sahani ya klachi. Usiiache ining'inie, uzito ule hupinda sahani, halafu utailaumu bure klachi mpya.

Huku kwetu chumvi ya bahari hushika boliti, basi zilowanishe kwa oili nyepesi tangu jana yake. Na matofali ya saruji chini ya gari? Hapana, jamani. Hupasuka ghafla. Tafuta stendi za chuma.