Uso kuendelea kucheza si ishara kwamba upasuaji umeshindwa
Hapa Dodoma, mtu akitoka kupasuliwa kwa ajili ya uso unaochezacheza upande mmoja, kisha jicho likaendelea kujifumba lenyewe, utasikia: "Kapasuliwa bure." Si kweli, na maneno hayo yanamuumiza mgonjwa. Mara nyingi chanzo cha uso kuchezacheza ni mshipa wa damu unaogandamiza neva ya uso, yaani mshipa wa fahamu unaoendesha misuli ya uso, karibu na shina la ubongo. Daktari huvitenganisha kwa kipande laini cha tefloni, aina ya plastiki. Neva iliyobanwa miaka mingi haitulii kwa siku moja. Wengine hupona papo hapo, wengine baada ya wiki au miezi, hivyo madaktari wengi husubiri hata mwaka 1 kabla ya kutoa hukumu. La kuuliza mapema ni kama mgonjwa anasikia vizuri, kwa kuwa neva ya sikio iko jirani kabisa na ile ya uso. Wengi hurudi kusoma, kuuza sokoni Majengo, na kuzungumza bila kujifunika uso kwa mtandio.