Mwanafunzi "kuikubali" maabara ya mbali maana yake nini?

Maabara ya mbali ni maabara halisi yenye vifaa vinavyoshikika, ila anayevitumia hayupo chumbani. Mwanafunzi anafungua kompyuta, anachagua volti, anabofya, na huko vifaa viliko, pengine nchi nyingine kabisa, umeme unapita kweli ndani ya saketi. Vipimo vinamrudia kwa intaneti. Hapo ndipo inapoachana na uigaji, ambamo kompyuta inakokotoa jibu kwa kanuni tu.

Mwaka 1998 Jesús del Alamo wa MIT, Marekani, aliwafungulia wanafunzi wake mtambo wa kupima transista, yaani vijenzi vidogo vinavyodhibiti umeme, kwa njia hii. Kazi hiyo ikazaa mradi wa iLab, ambao baadaye ulivishirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Makerere cha Uganda na Obafemi Awolowo cha Nigeria. Aliyewahi kuchungulia osiloskopu moja, kifaa kinachochora mawimbi ya umeme, juu ya mabega ya wenzake saba hahitaji kuelezwa kwa nini maabara kama hizi zinatakiwa.

Sasa, kukubali. Mwaka 1989 mtafiti Fred Davis alieleza kwamba mtu huikubali teknolojia akiona mambo mawili: inamfaa, na haimsumbui kuitumia. Usumbufu tunaujua: ukurasa unaogoma kufunguka, zamu isiyofika, mtandao unaokatika kipimo kikiwa katikati.

Kwa maabara naongeza la tatu, na kwangu ndilo zito kuliko yote: kuamini kwamba kule kweli kuna kifaa. Chukua diodi, kijenzi kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Kwenye uigaji wa kawaida, ukiuliza swali moja mara tatu unapata jibu lilelile. Kwenye maabara ya mbali unaweza kusoma volti 0.652, kisha 0.649, kisha 0.653. Tarakimu za mwisho zinachezacheza kwa sababu diodi inapata joto na nyaya zinanasa kelele za umeme. Mwanafunzi ambaye hakuandaliwa atadhani programu ni mbovu, aifunge. Aliyeandaliwa atajua anapima kitu halisi. Ndiyo maana maelezo ya mwalimu kabla ya zoezi, au hata kamera ndogo inayoonyesha meza, yana uzito mkubwa kuliko rangi nzuri za ukurasa.

Kukubali si sawa na kuridhika na kila kitu. Katika mfumo wa VISIR, ulioanzia chuo cha Blekinge huko Sweden, mwanafunzi anachora nyaya kwenye skrini na swichi zinaziunganisha kweli maabarani, lakini saketi inakaguliwa kwanza, na ile ya hatari inakataliwa. Vifaa vinapona. Mwanafunzi naye hanusi harufu ya rezista inayoungua, somo ambalo pua haisahau, na mimi nalihesabu kuwa pengo.

Kwa hiyo ukitaka kupima kukubalika, usiishie kuuliza "umeipenda?" Angalia kumbukumbu za seva: nani alirudi saa tano usiku kurudia kipimo ambacho hakikuwa na maksi?