Harufu ya gari jipya inatoka wapi?

Fungua mlango wa gari jipya lililoshinda juani, harufu itakupokea kabla hujaketi. Wengi huipenda. Sisi wa maabara tukiinusa tunawaza gundi, sponji za viti na vilainishi vya plastiki, kwa kuwa harufu hiyo ni mvuke wa kemikali unaotoka humo taratibu, na joto huuchochea.

Mvuke huo hauishii puani. Sehemu yake huganda kwenye kioo cha mbele na kuacha utando wa mafuta. Usiku, mwanga wa gari linalokuja hutawanyika kwenye utando huo na dereva haoni vizuri. Ili kuupima, kipande cha dashibodi au cha ngozi ya bandia huwekwa ndani ya bika, yaani chombo cha kioo cha maabara, na kupashwa joto la nyuzi 100 za Selsiasi kwa saa 3, huku juu pakiwa pamefunikwa kwa kioo kinachopozwa kwenye nyuzi 21. Kisha tunalinganisha mng'ao wa kioo hicho na ulivyokuwa kabla ya jaribio. Njia nyingine hutumia karatasi ya alumini badala ya kioo kwa saa 16, halafu mizani huonyesha uzito wa kilichonasa.

Harufu yenyewe bado inapimwa kwa pua za watu. Katika utaratibu wa Ujerumani uitwao VDA 270, sampuli hufungiwa kwenye chombo na kupashwa joto, kisha watu wasiopungua 3 huinusa na kutoa alama, kuanzia 1 kwa isiyonuka hadi 6 kwa isiyovumilika. Mashine za kuchambua gesi tunazo, na hutaja kemikali moja baada ya nyingine, ila hazijui ipi inakera.

Moto ni habari nyingine. Kanuni ya Marekani FMVSS 302, ya kuungua kwa vifaa vya ndani ya gari, iliyoanza kutumika 1972, inataka moto usitambae kwa kasi inayozidi milimita 102 kwa dakika juu ya sampuli iliyolazwa na kuunguzwa ncha kwa sekunde 15. Kwa hiyo kitambaa kilichofaulu kinaweza kuungua, tena chote. Waliotunga kanuni walikuwa wanafikiria kiberiti na sigara, si petroli iliyomwagika.

Vipimo hivi hufanywa kwa vifaa vilivyotoka na gari kiwandani. Kifuniko cha kiti ulichoongeza baadaye hakimo. Ukikinunua, muulize muuzaji cheti chenye kasi ya kuungua kwa milimita kwa dakika.