Mweya: ukifika, anza kwa kutazama nyasi

Mweya ni rasi ndogo magharibi mwa Uganda, haifiki hata kilomita za mraba tano. Upande mmoja ni Ziwa Edward, upande wa pili ni Mfereji wa Kazinga, na kuna shingo nyembamba ya ardhi inayoiunganisha na sehemu nyingine ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Hewa ikiwa safi, ukigeuka kaskazini unaiona milima ya Rwenzori. Wageni wanaoshuka kwenye magari pale wana swali moja: simba wako wapi? Mimi nimesomea mimea na malisho, kwa hiyo jibu langu huwaudhi kidogo. Nawaambia watazame chini kwanza.

Sibezi simba. Ila simba unaweza kumkosa siku nzima, nyasi hazina pa kukimbilia. Na pale Mweya hakuna mnyama utakayemwona ambaye habari zake hazianzii kwenye nyasi.

Karibu na maji utaona zimekatwa mpaka kwenye udongo, kisha kadiri unavyopanda zinarefuka. Hiyo ni kazi ya kiboko. Mdomo wake una upana wa karibu nusu mita, na yale meno makubwa ya mbele hayatumii kula. Anabana majani kwa midomo na kuyanyofoa. Kwa usiku mmoja anamaliza kilo 40 hivi. Mchana anashinda majini kwa kuwa ngozi yake haivumilii jua. Giza likiingia anapanda ukingo kwa njia ile ile aliyopita jana na juzi, mpaka njia inageuka mtaro, na mvua za masika zikija, mtaro unageuka korongo. Ukikaa kwenye ukingo wa juu wa rasi utaziona njia hizo zikishuka majini, nyingine zina kina cha kumfika mtu kiunoni.

Miaka ya 1950 mambo yalikuwa yamezidi. Hifadhi yenyewe ilikuwa changa: ilianzishwa mwaka 1952 kwa jina la Kazinga, ikapewa jina la sasa mwaka 1954 baada ya ziara ya malkia wa Uingereza. Viboko walikuwa wengi kupita kiasi na rasi ilikuwa imebaki udongo mtupu. Mwaka 1957 wakuu wa hifadhi wakaamua jambo ambalo leo lingezua kelele dunia nzima: viboko wa Mweya, tisini hivi, wapigwe risasi wote. Wakaondolewa. Zoezi likaendelea sehemu nyingine za hifadhi kwa karibu miaka kumi, na viboko wapatao 7,000 wakauawa.

Kilichofuata pale rasini kilipimwa kwa makini, maana mwanzoni mwa miaka ya 1960 palijengwa kituo cha utafiti papo hapo. Nyasi zilirudi. Makorongo yakatulia. Wanyama wengine walao majani, nyati hasa, wakaongezeka. Mwaka 1974 mtaalamu S. K. Eltringham alichapisha hesabu zake, na makala hiyo bado inasomwa vyuoni na kila anayejifunza usimamizi wa wanyamapori. Risasi zilipokoma, viboko wakarudi wenyewe, na hao ndio unaowaona leo.

Uamuzi ule ulikuwa sahihi? Nikiulizwa nasema kisayansi ulitufundisha mengi, lakini nisingependa kuwa mmoja wa walioshika bunduki. Tena kiboko anajua kupungua bila msaada wetu: mwaka 2004 ugonjwa wa kimeta uliua zaidi ya mia mbili kwenye mfereji huu huu.

Sasa hapa ndipo mpenda simba anarudi kwangu. Kiboko akimaliza nyasi, moto wa kiangazi unakosa cha kuunguza, na mahali moto usipopita, vichaka vya miiba vinapata nafasi. Ndiyo maana rasini kuna vichaka vizito vya duara, vingine vimeota chini ya yale mayuforbia marefu yenye matawi yaliyosimama wima. (Usivunje tawi la yuforbia kwa udadisi. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni utatafuta hospitali.) Ndani ya vichaka hivyo ndimo chui analala mchana, na simba pia anapopita. Dereva mzuri hakimbizi gari kila simu inapolia. Anapita polepole akikagua kivuli cha kila kichaka. Ukitaka kundi la simba mahali pa wazi, nenda asubuhi tambarare za Kasenyi upande wa Ziwa George, kwenye swala wengi aina ya kobi.

Kuna simba wawili ambao siwezi kuwaacha. Februari 2024, Jacob, dume mwenye miguu mitatu kwa sababu mmoja ulikatika mtegoni, aliuvuka Mfereji wa Kazinga kwa kuogelea usiku akiwa na ndugu yake Tibu. Watafiti waliwarekodi kwa droni yenye kamera ya joto. Walijaribu, wakarudi, wakajaribu tena, na ule mvuko uliofanikiwa ulikaribia kilomita moja na nusu, kwenye maji yenye mamba na viboko. Kilichowasukuma ni majike. Simba wengi wameuawa kwa sumu na mitego, wakiwemo 11 waliokufa kwa sumu Hamukungu mwaka 2018, na majike wamebaki wachache kuliko madume. Ukiutazama mfereji kutoka rasini, tafuta upande wa pili kwa macho na upime mwenyewe.

Wanyama ninaowapenda zaidi Mweya, hata hivyo, ni wale ambao wageni huwapita wakielekea chai: nguchiro milia. Wanatembea kundi zima, ishirini au zaidi, wakichakura majani makavu na kupiga vilio vidogo bila kukoma. Wamefuatiliwa na watafiti hapa tangu miaka ya 1990, ndiyo maana ukiwatazama vizuri utaona mmoja ana mkanda shingoni, mwingine amenyolewa manyoya mgongoni ili ajulikane. Majike wengi wa kundi hubeba mimba pamoja na mara nyingi huzaa usiku mmoja. Watoto wanachanganyika shimoni kiasi kwamba hata mama hajui wake ni yupi, kwa hiyo analazimika kuwatendea haki wote. Kisha kila kinda anachagua mtu mzima wa kuandamana naye na kulishwa naye, na mara nyingi huyo siye mzazi wake. Ukiwa na bahati utamwona ngiri amejilaza chali kwenye vumbi, miguu juu, nguchiro wakimpanda na kumchomoa kupe masikioni na tumboni. Ngiri hatikisiki. Siku ukiliona hilo, acha gari la simba liende.

Safari ya boti huchukua saa mbili hivi, kutoka gatini chini ya rasi. Chagua ya alasiri. Joto likipanda wanyama wote wanateremka kunywa, na boti inapita karibu nao kuliko gari lolote. Mfereji ni wa asili, una urefu wa kilomita 32 hivi, unatoa maji Ziwa George na kuyaleta Ziwa Edward. Kwenye matope ya ukingo wanalala madume wazee ya nyati waliojitenga na kundi. Juu yao, ukutani mwa udongo, kuna matundu ya mdiria weusi kwa weupe. Mmoja atasimama hewani mbele ya boti, mabawa yakipiga, kichwa kimetulia kabisa, halafu anadondoka majini. Mdomoni mwa mfereji, penye mchanga, huwa kuna mwari, minandi na kaloli, ndege wakubwa walao mizoga, wale wale wa majalala ya Kampala, ila hapa wana heshima zaidi. Mamba nao wapo, ingawa kwa miaka maelfu Ziwa Edward halikuwa nao. Wamerudi katika miongo ya karibuni tu.

Utaona pia mitumbwi imepangwa ufukweni mwa kijiji cha Kazinga. Hiki ni mojawapo ya vijiji vya wavuvi vilivyoachwa ndani ya hifadhi. Nyavu zinategwa jioni na kutolewa alfajiri, wakati ule ule viboko wanapotoka na kurudi, na hapo ndipo wavuvi hujeruhiwa. Kwa hiyo mgeni anapomwita kiboko mnyama mpole kwa kuwa ameona akipiga miayo, nahodha wetu hukaa kimya.

Usiku hakuna uzio. Viboko wanapanda kula nyasi za nyumba za wageni, na ukitaka kutoka chumbani kwenda kula, unaita askari wa hifadhi akusindikize. Niliwahi kutaka kupita haraka, tochi mkononi, askari akaninyooshea mkono kifuani.

"Subiri kidogo, mwalimu."

"Kuna nini, afande?"

"Mama yuko na mtoto. Tuzunguke."

Sikuona kitu. Nilisikia tu nyasi zikinyofolewa, mdomo baada ya mdomo, hatua chache kutoka njiani. Tukazunguka.

Kutoka Kampala ni zaidi ya kilomita 400 kwa njia ya Mbarara, mpaka daraja la Katunguru, kisha unakata kuingia hifadhini. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kwa shilingi na kwa bei nafuu kuliko wageni wa mbali, kwa hiyo usisahau kitambulisho cha taifa au pasipoti. Mwenye bajeti ndogo anaweza kulala hosteli au kupiga hema. Ukipiga hema, usilaze matunda ndani, tembo ana pua. Januari na Juni hadi Agosti ni kukavu na barabara ni nzuri, ila moshi na vumbi huificha Rwenzori. Mimi napenda siku zinazofuata mvua, japo gari litachafuka. Kiswahili kitakutosha, maana Kasese, mji wa jirani, ulikua na machimbo ya shaba ya Kilembe na uko karibu na mpaka wa Kongo. Na ukirudi, simama Katunguru ule ngege. Sangara usimuulizie, ziwa hili halina.