Chule ya maharagi na jeni: yanayosemwa Bukavu, na ukweli wake

Chule ni ugonjwa wa maharagi unaoletwa na kuvu. Jeni ni agizo la kurithi lililo ndani ya seli. Hizi ni dhana zinazosikika Bukavu, na majibu yake.

Dhana: Mmea unaougua umekosa kinga.

Si lazima. Wakati mwingine mmea una kitu ambacho kuvu inakihitaji. Chukua mfano wa shayiri: ina jeni iitwayo Mlo, inayotengeneza protini kwenye utando wa seli za jani. Bila protini hiyo, kuvu ya ubwiri unga, ugonjwa unaofunika majani kwa unga mweupe, haipenyi ngozi ya jani. Mwaka 1942, Ujerumani, ilipatikana shayiri ambayo jeni hiyo iliharibiwa kwa miale ya eksirei, na ubwiri unga ukaishia nje. Shayiri za asili zilizokusanywa Ethiopia miaka ya 1930 zilikuwa na kasoro ya jeni hiyo hiyo, bila miale yoyote.

Mmea una nakala mbili za jeni, ya mama na ya baba. Ikibaki nzima hata moja, kuvu inaingia. Kwa hiyo ukizalisha mbegu kwa kuchavusha shayiri yenye kasoro hiyo na ya kawaida, kizazi cha kwanza chote huugua. Usugu hurudi katika kizazi cha pili, kwa takriban mmea mmoja kati ya minne. Anayetupa mbegu za kizazi cha kwanza ametupa usugu wenyewe.

Dhana: Aina sugu ni sugu kwa kila ugonjwa.

Hapana. Miaka ya 1940 Marekani ilipanda oti za ukoo wa Victoria kwa sababu zilishinda kutu, ugonjwa wa majani unaoletwa na kuvu. Zikaangamizwa na kuvu nyingine, iliyotoa sumu inayoua mimea yenye usugu ule ule.

Dhana: Maharagi yaliyoshinda chule Rwanda yatashinda Kabare na Walungu, karibu na Bukavu, daima.

Chule ina koo nyingi. Jeni moja ya usugu hutambua baadhi tu. Ukoo mgeni ukifika, hautambuliwi. Ndiyo sababu wazalishaji wa mbegu wanaithamini G2333, maharagi yanayotambaa juu ya miti, yenye asili ya Mexico: yana jeni tatu za usugu kwa pamoja.

Dhana: Chule inayotoka kwenye mbegu ni ya kurithi.

Kinachorithiwa ni udhaifu. Kuvu yenyewe hujificha ndani ya mbegu, hata iliyokauka vizuri, na huamka kwenye ubaridi na mvua, hasa nyuzi 17 hadi 20. Kabla ya kuvuna, chagua mbegu shambani, si sokoni: acha ganda lolote lenye doa la kahawia lililobonyea, na shina ambalo majani yake yana mishipa myekundu au myeusi upande wa chini. Usipite kati ya mistari majani yakiwa na umande, maana nguo hubeba vimelea. Mabaki yafukie, na shamba hilo lipe mahindi au viazi vitamu misimu minne kabla ya kurudisha maharagi.